Saa imefupisha bao, au ni bahati ya kete?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi simu, nipo Ngamiani hapa Tanga. Barazani kwetu kila jioni baada ya alasiri watu wanacheza bao, na wanaosubiri zamu ni wengi. Mwezi uliopita tukawekeana kanuni ya saa: mchezaji asizidishe nusu dakika ya kufikiri kabla ya kucheza. Nilipima kwa simu michezo 10 kabla ya kanuni na 10 baada yake, orodha nimekutumia. Wastani ulikuwa dakika 29, sasa ni 24. Vijana wanasema kanuni imefanya kazi. Babu mmoja, ambaye ndiye fundi wa bao hapa kwetu, anasema dakika tano si kitu, ni bahati ya kete tu. Nasikia kuna hesabu ya kupima jambo kama hili. Inafanywaje, na nani kati yao yuko sahihi?

Jibu: Marahaba, fundi. Umefanya jambo moja ambalo wengi hawalifanyi: umeleta orodha nzima. Ungeniletea ule wastani peke yake, 29 na 24, ningekujibu kwamba sijui, na hakuna ambaye angejua. Nazinakili namba zako hapa ili wasomaji wengine nao wazione.

Kabla ya kanuni, kwa dakika: 22, 31, 27, 41, 19, 35, 28, 24, 38, 25.

Baada ya kanuni: 21, 26, 18, 30, 23, 25, 20, 29, 22, 26.

Usishike kikokotoo bado. Zitazame kwanza kwa macho, kama unavyotazama meza ya bao kabla ya kutia mkono. Mchezo mfupi kuliko yote kabla ya kanuni ulikuwa dakika 19, na baada ya kanuni 18, kwa hiyo huku chini hakuna kilichobadilika. Sasa tazama juu. Kabla ya kanuni michezo minne ilivuka dakika 30, mmoja ukafika 41. Baada ya kanuni hakuna hata mmoja uliovuka 30. Maana yake ni kwamba yule anayeisha mkononi, anayefungwa kabla hata kete za kunamua (zile za mkononi zinazoingizwa moja moja mwanzoni) hazijamalizika, saa haikumgusa. Kama saa imefanya kitu, basi imewapunguzia wale mnaowajua, wanaokaa na kidevu mkononi wakihesabu mtaji, yaani namna ya kula kete za mwenzao, hadi kahawa inapoa. Tutalirudia hili, kwa sababu wastani hauwezi kukuonyesha.

Sasa twende kwa babu. Naanza naye kwa heshima ya umri, lakini pia kwa sababu hesabu yenyewe inaanzia upande wake. Ukitaka kupima dai kitakwimu, huanzi kwa kulithibitisha dai. Unaanza kwa kukubali, kwa muda tu, kwamba mpinzani wako amesema kweli: kanuni haijafanya lolote, na muda wa michezo ni uleule. Halafu unauliza: ikiwa babu yuko sahihi, je, tofauti ya dakika 5 ni kitu cha kawaida kutokea chenyewe, au ni ajabu? Ikiwa ni cha kawaida, huna sababu ya kumwacha babu. Ikiwa ni ajabu kubwa, unaanza kumtilia shaka. Vitabu vinaiita nadharia tete ya kutokuwapo tofauti. Mimi hapa nitaiita dai la babu.

Hebu tulifanye kwa mikono. Kata vikaratasi 20, andika kila namba kwenye kikaratasi chake, vikunje, vitie kwenye kofia. Kama babu yuko sahihi, maneno "kabla" na "baada" ni majina tu tuliyobandika. Mchezo wa dakika 41 ungeweza kuangukia mwezi wowote kati ya miwili. Basi tikisa kofia, toa vikaratasi 10 bila kuangalia, viite "kabla", vilivyobaki viite "baada". Piga wastani wa kila fungu, andika tofauti. Rudisha vyote, tikisa, toa tena. Mara ya kwanza labda utapata tofauti ya dakika 1. Mara ya pili dakika 2 na nusu, tena upande wa kinyume. Rudia mara nyingi, mpe hata mtoto wa jirani kazi hiyo kwa kashata mbili. Utagundua kwamba tofauti ya dakika 5 au zaidi, upande wowote ule, inajitokeza yenyewe kama mara 7 au 8 katika kila mara 100.

Hapo ndipo mzizi wa somo lote ulipo. Saba au nane katika mia. Si jambo la kila siku, wala si muujiza. Kila fomula utakayoikuta vitabuni kwa swali la aina hii ni njia ya mkato ya kupata jibu la kofia bila kutikisa kofia.

Njia ya mkato maarufu ina historia inayonifurahisha, kwa sababu haikutoka chuoni. William Sealy Gosset alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin, na shida yake ilikuwa kama yako: sampuli ndogo. Huwezi kupanda shayiri mashamba elfu ili ujue ipi bora. Una mashamba machache, na lazima uamue. Mwaka 1908 alichapisha jibu lake kwa jina la kubuni, "Student", na mpaka leo kipimo hicho kinaitwa kipimo cha t cha Student. Alichokiona ni kwamba ukiwa na namba chache, mtawanyiko unaoukadiria kutoka kwenye hizo namba nao hauaminiki sana, kwa hiyo lazima uwe mkali zaidi kabla ya kushangaa.

Hesabu yenyewe ni hii. Tunataka kulinganisha tofauti ya wastani (dakika 5) na kiasi ambacho tofauti kama hiyo huyumba yenyewe. Kwa michezo ya kabla: toa 29 katika kila namba, upate masalio: -7, 2, -2, 12, -10, 6, -1, -5, 9, -4. Zipige mraba, zijumlishe: 460. Gawa kwa 9 (idadi ya michezo kasoro moja), unapata 51.1. Hiyo ndiyo variansi, yaani kipimo cha mtawanyiko. Fanya vivyo hivyo kwa michezo ya baada, ukitoa 24: jumla ya miraba ni 136, gawa kwa 9, unapata 15.1. Sasa gawa kila variansi kwa michezo 10, zijumlishe: 5.11 na 1.51, jumla 6.62. Kipeuo chake cha pili ni 2.57. Hicho ndicho kiasi cha kuyumba, kwa dakika. Tofauti yako ya 5 ukiigawa kwa 2.57 unapata 1.94. Hiyo ndiyo t yako.

Kwa maneno ya barazani: tofauti uliyoiona ni kama mara mbili kasoro kidogo ya myumbo wa kawaida.

Kuna kijambo cha pembeni hapa. Kipimo cha t cha kawaida kinadhani mafungu mawili yana mtawanyiko unaolingana. Yako hayalingani, 51 kwa 15 ni mbali, na sababu tumeshaiona: saa imekata ile michezo mirefu. Kwa hali hiyo tunatumia marekebisho ya Welch, ya mwaka 1947, ambayo yanapunguza kitu kinachoitwa digrii za uhuru, yaani kiasi cha taarifa huru zilizomo kwenye namba zako. Kwa namba zako zinashuka kutoka 18 (9 na 9) hadi karibu 14. Kwa digrii 14, jedwali la t linataka t ivuke 2.145 ndipo useme tofauti imepita mpaka wa kawaida wa asilimia 5, yaani ingejitokeza yenyewe chini ya mara 5 katika 100. Wewe una 1.94. Hujafika.

Kama una lahajedwali kwenye simu, na fundi simu hakosi, weka namba za kabla safu ya A na za baada safu ya B, kisha andika =T.TEST(A1:A10,B1:B10,2,3). Ile 2 inamaanisha pande mbili, ile 3 inamaanisha mitawanyiko isiyolingana. Simu ikiwa imewekwa kwa lugha nyingine, huenda ikadai nukta-mkato badala ya mkato. Utapata takriban 0.073, namba ambayo vitabu vinaiita thamani ya p. Angalia inavyokaribiana na kofia yetu: mara 7 katika mia.

Je, babu ameshinda? Hapana, na nitakueleza kwa nini, maana hapa ndipo watu wenye digrii zao huteleza.

Ile 0.073 haisemi kwamba kuna uwezekano wa asilimia 7 kuwa babu yuko sahihi. Imeanza kwa kukubali kuwa babu yuko sahihi, halafu ikapima namba zako. Haikumpima babu. Chukua mfano wa uwanja wetu wa mpira, Mkwakwani. Mtu akiwa mchezaji wa Coastal Union, uwezekano kwamba anajua kupiga danadana ni mkubwa mno. Lakini ukimkuta kijana ufukweni Raskazone anapiga danadana vizuri, uwezekano kwamba ni mchezaji wa Coastal ni mdogo tu. Ni maneno yaleyale yamegeuzwa, na kugeuza kumebadilisha kila kitu. Mwaka 2016 Chama cha Takwimu cha Marekani kililazimika kutoa tamko rasmi kuhusu thamani ya p, na hilo ni miongoni mwa mambo kiliyoyasisitiza. Ukiona kosa limehitaji tamko, ujue wanaolifanya si watu wa barazani peke yao.

Vilevile, kutofika mpaka hakumaanishi kwamba hakuna tofauti. Namba zako zinakubaliana na mambo mengi kwa wakati mmoja. Chukua ile 5, ongeza na punguza 2.145 mara 2.57, yaani 5.5. Unapata upana unaoanzia kurefuka kwa mchezo kwa nusu dakika hadi kufupika kwa dakika 10 na nusu. Kila thamani ndani ya huo upana bado iko hai. Babu anasema sifuri, na sifuri imo, ingawa imekaa ukingoni kabisa. Vijana wanasema 5, nayo imo, tena katikati. Hata mtu akisema kanuni imepunguza dakika 9, huna cha kumwambia kwa ushahidi ulionao. Mimi nikilazimishwa kuweka dau, ningeweka kwa vijana, ila dau dogo.

Sasa kuna mlango wa uani ambao najua mtu atakuonyesha, kwa hiyo bora nikuonyeshe mimi. Atakuambia: "Lakini sisi hatukuwa tunauliza kama mchezo umebadilika, tulikuwa tunauliza kama umefupika. Pima upande mmoja." Badilisha ile 2 kwenye fomula iwe 1, na ghafla 0.073 inakuwa 0.036. Umevuka mpaka! Vijana watashangilia. Kipimo cha upande mmoja si haramu. Mwenye sababu ya kukitumia anakitumia. Sharti ni kwamba uwe umekichagua kabla hujaziona namba. Ukiona kwanza namba zimelalia wapi, halafu ukachagua upande, umefanya kama mtu anayepiga mshale ukutani kisha akachora duara kuuzunguka. Na kwa kesi yenu, upande wa pili haukuwa upuuzi: saa ingeweza kurefusha mchezo. Mtu anayeharakishwa anacheza ovyo, anakosa kula mtaji uliokuwa wazi, na bao ambalo lingekwisha linazunguka tena na tena. Kwa hiyo mimi ningebaki na pande mbili.

Na huo mpaka wa asilimia 5 wenyewe? Uliingia kwenye mazoea kupitia R. A. Fisher, Mwingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1925, kwa sababu ulikuwa rahisi kutumia. Haukushuka kutoka mbinguni. Hakuna jambo la maana linalobadilika duniani p ikitoka 0.051 kwenda 0.049. Andika tu namba yako, 0.073, pamoja na upana wako, mwenye akili atajisomea.

Niliahidi kurudi kwenye michezo mirefu. Chukua ule wa dakika 41 na tuseme siku ile kulizuka ugomvi wa kete, mtu akadaiwa kuchukua mbili badala ya moja, wakabishana, simu ikaendelea kuhesabu, ukaandika 95. Wastani wa kabla unaruka hadi 34.4. Tofauti sasa ni dakika 10.4, zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza. Vijana wangefikiri wamepata ushahidi wa kufunga kesi. Piga hesabu: variansi ya kabla inalipuka kutoka 51 hadi 487, kiasi cha kuyumba kinapanda hadi 7.1, na t inashuka kutoka 1.94 hadi 1.47. Tofauti imekua maradufu, ushahidi umedhoofika. Nimewahi kuwafundisha watu wazima hili, wakaomba nirudie mara tatu, na mara ya tatu bado nyuso zilikuwa zimekunjamana. Lakini ni haki. Namba moja iliyoruka mbali inakuambia kwamba michezo ya pale inaweza kwenda popote, na mahali ambapo chochote kinaweza kutokea, dakika 10 haishangazi.

Michezo isiyo na kikomo cha muda ina tabia hiyo. Wimbledon mwaka 2010, John Isner na Nicolas Mahut walicheza tenisi kwa saa 11 na dakika 5, zikagawanyika katika siku tatu, seti ya mwisho pekee ikaisha 70 kwa 68. Weka mchezo huo katika sampuli ya michezo kumi uone wastani utakavyokudanganya. Kwa data za namna hiyo kuna njia isiyojali mtu amechelewa kiasi gani, inajali nafasi yake tu kwenye mstari: panga michezo yote 20 kutoka mfupi hadi mrefu, uipe nafasi 1 hadi 20, ulinganishe nafasi. Inaitwa kipimo cha Mann na Whitney, nayo pia ni ya mwaka 1947. Namba zako za sasa hazijaharibika kiasi cha kuihitaji. Mchezo wa 95 ungetokea, ningekuambia uitumie, na ningekuambia usiifute ile 95 kimyakimya.

Mpira wa miguu, kwa taarifa, ni mchezo mbaya wa kujifunzia hesabu hii, ingawa ndio kila mtu angeutolea mfano. Dakika 90 zimeandikwa kwenye sheria. Kinachobaki kupima ni nyongeza, na nyongeza ni uamuzi wa mwamuzi. Kombe la Dunia la 2022 Qatar, waamuzi walipoagizwa wafidie muda wote unaopotea, mechi ya Uingereza na Iran ilipata nyongeza ya zaidi ya dakika 25 kwa vipindi vyote viwili. Wachezaji hawakubadilika siku ile. Kilichobadilika ni agizo.

Mfano unaofanana na wenu kabisa uko kwenye besiboli ya Marekani. Ule mchezo hauna saa ya kuumaliza, kama bao, na ulikuwa unarefuka mwaka hadi mwaka mpaka watazamaji wakachoka. Msimu wa 2023 ligi kuu yao ikaweka saa kwa mrushaji: sekunde 15 kama hakuna mkimbiaji kwenye vituo, sekunde 20 kama yupo. Wastani wa mchezo wa kawaida ukashuka kutoka takriban saa 3 na dakika 4 hadi saa 2 na dakika 40. Timu 30, kila moja michezo 162, ni michezo 2,430 kwa msimu. Hata tukisema michezo yao hutawanyika kwa dakika 25 huku na huku, kiasi cha kuyumba kwa tofauti ya misimu miwili ni dakika 0.7 tu, kwa hiyo dakika 24 ni zaidi ya mara 30 ya myumbo. Pale hakuna babu wa kubishana. Lakini ona upande wa pili wa wingi huo: kwa michezo 2,430, tofauti ya dakika 2 nayo ingepita kipimo kwa urahisi, na dakika 2 katika saa tatu nani anazijali? Wao data zao ni nyingi kiasi kwamba swali linabaki kuwa "tofauti ni kubwa ya kutosha?" Wewe data zako ni chache kiasi kwamba swali bado ni "ipo?"

Basi ni michezo mingapi? Kuna kanuni ya haraka: chukua wastani wa variansi mbili (51.1 na 15.1, wastani 33.1), zidisha kwa 16, gawa kwa mraba wa tofauti unayotaka uweze kuiona. Dakika 5, mraba wake 25. Jibu ni 21 na ushei, sema 22 kwa kila upande. Hapo, kama kweli kanuni inapunguza dakika 5, utakuwa na nafasi ya takriban asilimia 80 ya kuigundua. Kwa michezo 10 ulikuwa na nafasi ndogo zaidi ya hapo tangu mwanzo, hata kama vijana wana haki kabisa.

Lakini usikimbilie kuongeza 12 kwa kila fungu. Tatizo kubwa la orodha yako haliko kwenye idadi, na hakuna fomula itakayolitibu. Umelinganisha mwezi na mwezi. Je, wachezaji walikuwa walewale? Kwenye mabaraza mengi ninayoyajua, mshindi anabaki, aliyefungwa ananyanyuka. Mwezi wa kwanza babu akishika kiti jioni nzima, michezo mitano mfululizo ni yake, na babu ndiye anayefikiri sana. Mwezi wa pili akiwa na mafua, viti vinabaki kwa vijana wanaocheza kama wanafukuzwa. Wastani utashuka na saa haitakuwa imefanya lolote. Zaidi ya hapo, michezo mitano ya babu si shahidi watano. Ni shahidi mmoja aliyeitwa mara tano, wakati hesabu yote niliyokuonyesha inadhani kila mchezo ni shahidi wake mwenyewe. Hilo likivunjika, 0.073 yako ni ndogo kuliko inavyostahili.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Acheni kugawa kwa miezi. Kila mchezo, kabla kete haijaguswa na baada ya wachezaji kukaa, rusheni sarafu ya shilingi 200. Akitokea Karume mnacheza na saa, wakitokea simba mnacheza bila saa (wa Yanga wasinune, hakuna upendeleo hapo). Babu atacheza na saa mara nyingine na bila saa mara nyingine, na jioni ya mvua vilevile, na siku ya mgeni fundi kutoka Pangani vilevile. Kila unachokijua na usichokijua kitagawanyika chenyewe. Sarafu ina kasoro moja, inaweza kukupa 27 kwa 17. Ukitaka zilingane, tia vikaratasi 44 kwenye kopo, 22 vimeandikwa "saa", 22 "bila", mtu achomoe kimoja kila mchezo bila kukirudisha. Asichomoe mchezaji. Na mkishachomoa, hakuna kuomba kichomolewe kingine kwa sababu babu amenuna.

Kubalianeni pia mapema saa inaanza lini na inaisha lini. Mimi ningesema inaanza kete ya kwanza ya kunamua inapoguswa, inaisha mtu anapokosa kete za mbele au anapokubali kwa mdomo. Simu ikiita katikati, adhana ikiingia, ugomvi ukizuka, andika pembeni kilichotokea na muda wake, ila mchezo ubaki kwenye orodha. Na wewe mwenyewe, kwa vile nahisi moyo wako uko kwa vijana, mpe mtu mwingine simu ya kupimia.

La mwisho ni kuchungulia. Utashawishika kupiga ile T.TEST kila jioni. Ukiifanya hivyo na kusimama siku p itakaposhuka chini ya 0.05, siku moja itashuka tu, hata kama saa haina kazi yoyote, kama vile mtu anayefunua sufuria ya wali kila dakika mpaka apate pembe moja iliyoiva. Funga orodha mpaka mchezo wa 44.

Mwambie babu mimi nimesema hajashindwa. Umwambie pia kuwa ndiye atakayechomoa vikaratasi siku asizocheza, akikubali. Mkimaliza, nitumie namba zote 44, pamoja na ule mchezo ambao mtakuwa mnataka kuufuta.